Mlango Uliotangulia Nyumba

Mbinya alinunua mlango kabla hajawa na ukuta wa kuutia.

Katika nyumba za kupanga za Mama Fartun kule Majengo, Nairobi, yeye na mumewe Bwire walikaa chumba kimoja, nambari saba. Aliyepita hapo asubuhi, nambari saba ikiwa wazi, aliona mlango mwingine ndani, mkubwa kuliko ule wa kuingilia, umeegemea ukuta kama mgeni aliyekataa kiti. Ulikuwa wa mvule mtupu, wa mabawa mawili yanayokutana katikati, na mabawa hayo yalishikiliwa pamoja kwa ufito uliopigiliwa nyuma. Urefu wake ulikuwa futi saba na zaidi. Kati ya kichwa chake na dari palibaki nafasi ya kupitisha ngumi. Ulikigawa chumba mara mbili, upande huu jiko na ndoo za maji, upande ule kitanda. Binti yao Nabiswa, aliyekuwa na miaka minne, hakwenda kulala kabla ya kuubisha hodi, na mamaye hakukosa kumwitikia karibu.

Majirani walimpachika jina la Mama Mlango. Hata muuza mkaa, akimwona anarudi kazini, alimuuliza kama leo ameleta kizingiti. Mbinya hakuchukia. Alikuwa mtu wa maneno machache, wa kukitazama kitu mpaka kikamwonyesha tabia yake, na huenda kazi ndiyo iliyomfundisha. Alikuwa akipiga pasi mashuka ya hoteli katika kiwanda kimoja kikubwa cha udobi eneo la Viwandani, na shuka lina siri zake. Ukilikimbilia linakukunjia pembe. Ukilitazama kwanza, linajinyoosha lenyewe.

Mlango huo ulitokana na chama. Wanawake kumi wa zamu ya asubuhi walikuwa wakichanga elfu mbili mbili kila mshahara ulipoingia. Jambo hilo si geni, wanawake wa Eastlands wote wanachanga. Lakini chama chao kilikuwa na sheria moja iliyowekwa na mwenyekiti wao, Nthambi, mama mzima aliyeanza kupiga pasi kabla wengine hawajazaliwa. Kwake mwenye zamu hapewi pesa mkononi. Jumamosi wanaandamana naye hadi dukani au soko la Gikomba, anachagua kitu cha nyumba, na Nthambi ndiye anayelipa. Sharti kiwe kitu cha kujengea, si sufuria wala viatu. Nthambi aliwahi kupokea mchango wa namna hiyo mara mbili katika ujana wake. Wa kwanza ulikwenda kwa matanga ya binamu, wa pili kwa karo ya mtoto wa shemeji, na mpaka leo alikuwa akipanga.

"Pesa ina jamaa wengi," alikuwa akiwaambia. "Dirisha halina hata binamu. Mtu akikupigia simu akulie shida, mwambie nina dirisha, njoo ule."

Basi zamu ya kwanza Mbinya alileta madirisha ya chuma, yakaenda nyuma ya kabati. Zamu ya pili akaleta mabati, yakalazwa chini ya godoro, na tangu hapo Nabiswa alipanda kitandani kwa kigoda. Mwezi uliofuata yeye na Bwire walijikaza wakaongeza mengine machache kwa mfuko wao, na kitanda kikapanda tena. Zamu ya tatu alitakiwa kununua mlango wa chuma kama watu wote. Ndipo walipopita kwenye uwanja mmoja wa maseremala wa Gikomba, mahali panapouzwa mbao, madirisha na milango iliyotolewa katika majengo ya zamani yanapobomolewa, na Mbinya akasimama.

Wenzake walimwambia huo si mlango wa nyumba, huo ni wa ofisi ya serikali. Mmoja alimuuliza atauweka kwenye mabati au atafungua benki. Mbinya aliupapasa toka juu mpaka chini. Hakuona tundu hata moja la mdudu. Bawa moja lilikuwa na kitasa cha shaba kilichochakaa vizuri, ufunguo wake ukining'inia kwa uzi, na bawa la pili lilikuwa na makomeo mawili, moja juu na moja chini. Akasema neno moja tu, "Huu." Bei ilikuwa sawa na mchango wa mwezi mzima, haikubaki hata nauli ya mkokoteni, na Nthambi akaitoa ya mkokoteni mfukoni mwake huku akitikisa kichwa.

Angeulizwa kwa nini, asingeweza kueleza vizuri. Alizaliwa kijijini Mwala, katika nyumba iliyofungwa kwa mbao za makasha. Kila jioni mama yake aliuegemezea mlango ule jiwe la kusagia ili upepo usiufungue. Mbinya ndiye aliyetumwa kulisukuma jiwe. Alilisukuma tangu akiwa mdogo kuliko lenyewe hadi siku alipomaliza darasa la nane na kupanda basi la Nairobi. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba nyumba anayoiota haina sebule wala kochi. Ina mlango ambao, ukiufunga, umefungwa.

Na nyumba yenyewe haikuwa ndoto ya kulala tu. Kwa miaka mitatu chama cha akiba na mikopo cha kazini kilikuwa kikimkata mshahara kabla haujamfikia, na Bwire, dereva wa gari la kiwanda cha mkate, alikatwa vilevile kwao. Mwezi wa tisa walimaliza kulipia kipande cha ardhi huko Malaa, kwenye barabara ya Kangundo, na karatasi ikatoka kwa majina yao wawili. Jumapili iliyofuata walikwenda kukiona. Palikuwa na nyasi kavu, mawe manne ya mipaka na jirani mmoja aliyefuga bata. Bwire alipima vyumba kwa hatua zake, akaacha jiwe kila pembe, kisha akamuuliza mkewe mlango utazame wapi. Mbinya akashika upepo kwa uso, akageuka, akaonyesha upande wa pili. Walikuwa pia na akiba ya mbao, saruji na ujira wa fundi, ya kutosha vyumba viwili vya mabati, si zaidi. Bwire angepata likizo Desemba. Mwaka mpya ungewakuta kwao.

Tangu siku hiyo Bwire hakupita karibu na ule mlango bila kuugusa. Akirudi kazini, nguo zikinukia mkate, alichukua kitambaa na mafuta kidogo akausugua kama mtu anayesugua gari lake.

Mwezi wa kumi shangazi Triza alikuja.

Shangazi Triza alikuwa dada wa baba yake Bwire. Mumewe alikuwa mfanyakazi wa reli, marehemu sasa, na yeye alikuwa amekaa Makongeni miaka mingi mpaka ukoo mzima wa Bungoma ulimwona ndiye balozi wao mjini. Alifika ametoka kanisani, kitambaa cheupe kichwani, akajibanza kuupita mlango, akaketi kitandani juu ya mabati, na mabati yakalia. Aliuliza habari za mtoto, za kazi, za kanisa, akanywa chai kikombe kizima. Ndipo alipoeleza kilichomleta. Habari za Malaa zilikuwa zimefika Chwele, kwao Bungoma, kwa mzee Masinde, babake Bwire, na mzee hakulala vizuri.

Aliyasema kwa upole, na upole wake ulikata zaidi kuliko kelele. Kwao kijana akishakuwa mwanamume hujijengea simba, chumba chake mwenyewe katika boma la babake. Bwire alikuwa na simba yake, lakini ilianguka katika mvua za miaka mitatu iliyopita, na mahali pake palikuwa pameota nyasi. Sasa mtu huyo, bila hata kibanda kwao, anakwenda kujenga ugenini.

"Mkataa kwao ni mtumwa, mwanangu," shangazi alisema. "Siku ukirudi Chwele ndani ya sanduku, hilo sanduku tutaliweka wapi? Kwenye nyasi, tuwafukuze mbuzi?"

Shangazi akamalizia ujumbe kama alivyotumwa. Mzee amesema nyumba ya Chwele itangulie. Isipotangulia, yeye Malaa hatakanyaga, na wasimwite. Kisha akaongeza la kwake mwenyewe, kwamba siku hizi watu wanajenga kwa matofali, na kijana mwenye kazi Nairobi hawezi kuchekwa na waliobaki nyumbani.

Mbinya alikuwa amechuchumaa kando ya jiko. Aliona mkono wa mumewe ukifinyanga kipande cha mkate mpaka kikawa kidonge, kisha ukakifinya kikawa bapa, kisha ukaanza upya. Nyumba ya matofali Chwele ingemeza akiba yote, na chumba nambari saba kingeendelea kuwatoza kodi miaka mingine miwili au mitatu, kwa ajili ya nyumba ambayo wangelala Krismasi na kwenye matanga. Hilo Bwire alilijua kama yeye. Lakini Bwire alikuwa amefiwa na mama akiwa shule ya msingi, na mzee Masinde ndiye aliyempikia, akamfulia, akamlea bila kuleta mwanamke mwingine nyumbani. Hata jina la Nabiswa lilikuwa la marehemu huyo. Kwa baba wa namna hiyo, utaanzia wapi kukataa?

Wiki mbili zilipita. Kitambaa cha kusugulia mlango kilikauka juu ya ndoo. Mbinya alipouliza kama fundi wa Malaa ameshapigiwa simu, Bwire alijibu, "Tutaona." Katika nyumba ile "tutaona" ilikuwa jina lingine la hapana, ila tu halikuwa na mtu wa kulisema.

Mbinya angeweza kushikilia. Karatasi ilikuwa na jina lake, na sehemu kubwa ya akiba ilikuwa imetoka kwenye mgongo wake. Nthambi alimwambia waziwazi, huku wakikunja shuka pande mbili, kwamba mwanaume akisema tutaona, wewe anza kuchimba msingi atakukuta. Mbinya aliliwaza hilo siku nzima, pasi ikienda na kurudi. Ushindi angeupata. Lakini kwa mawazo alimwona Bwire katika nyumba hiyo ya Malaa, ameketi ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja kuitwa akemewe, na hilo hakulitaka. Alikuwa ametafuta mlango wa kufunga upepo nje. Hakuutafuta ili amfungie baba mkwe nje pamoja na upepo.

Jumamosi alimwita mjomba wake Kimanzi, seremala wa Gikomba, aje aupime mlango na kumwambia fremu itagharimu kiasi gani. Alimwita kwa sababu kungoja tu kulimchosha, si kwa sababu alikuwa na mpango. Bwire alikuwa zamu. Kimanzi aliingia na tepu yake, akalalamika kwamba hawezi kupima mabawa yakiwa yamefungwa hivyo, akaung'oa ule ufito wa nyuma. Kisha akalishika bawa moja, akalihamisha kwenye ukuta wa pili ili apate nafasi ya kupita.

Nabiswa akapita katikati akicheka. Mwanga wa dirisha, ambao kwa miezi mingi ulikuwa ukiishia kwenye jiko, ukafika kitandani. Mbinya akalitazama lile bawa lililosimama peke yake. Akalitazama kama alivyozoea kutazama shuka.

Akamwomba mjomba apime upana wake. Futi mbili na nusu.

"Mlango wa watu unakuwa futi ngapi, mjomba?"

"Hizohizo. Kwa nini?"

"Basi hapa nina milango miwili."

Kimanzi aliishusha tepu. Alikuwa mtu anayependa mbao kuliko watu, na alichosikia kilimuuma. Alimweleza kwamba mabawa hayo yalikatwa kwenye gogo moja, tazama mishipa inavyoondoka hapa na kuendelea pale, na fundi aliyeyatengeneza pengine hayuko duniani. Ukiyatenganisha umeua thamani. Kama ni shida ya pesa, yeye yuko tayari kumpa elfu thelathini leo hii, auchukue mzima, na Mbinya anunue mlango wa chuma abakiwe na chenji.

"Huu mlango ni ndoa, mpwa wangu," alisema. "Ndoa haipasuliwi."

"Na ndoa yangu ina kwao kuwili, mjomba. Itajifunza."

Kimanzi akaanza kucheka kidogokidogo, akauliza lipi litakwenda wapi. Mbinya hakufikiri mara mbili. Lenye kitasa Malaa, lenye makomeo Chwele. Mjomba akasema kumbe aliyedhani huyu mtoto wa dada yake ni mpole hakumfahamu.

Bwire aliporudi alikuta chumba kina mwanga na mlango umeachana. Aliweka mikate chini, akasubiri kuelezwa.

"Baba Nabiswa," mkewe alimwuliza, "kwenu udongo unauzwa?"

"Hapana."

"Na fito na nguzo?"

Bwire alisema babake ana miti yake mwenyewe, akate anayotaka.

"Na watu wa kukanda?"

"Wanakuja. Unawapikia tu."

"Basi kinachouzwa ni bati na mlango. Mabati nitakutolea manane chini ya godoro. Mlango huo hapo."

Bwire alikwenda akasimama mbele ya bawa la makomeo. "Tumpelekee mzee nusu mlango?"

"Nusu ya ofisi. Chwele nzima utaona kama kuna mwenye nusu kama hiyo."

Na Bwire akacheka, mara ya kwanza tangu ile chai ya shangazi. Akaokota kitambaa kwenye ndoo, akakilowesha mafuta, akaanza kusugua. Lakini alipomaliza alisema bila kuficha kwamba mzee ni mzee, na shangazi ametaja matofali. Hakuwa na hakika. Mbinya alimwambia hata yeye hana hakika, ila bawa wataenda nalo.

Walifika Chwele wiki ya pili ya Desemba, bawa limevikwa magunia na kufungwa kamba. Mzee Masinde alikuwa ameketi nje, akipukuchua mahindi ya mbegu kwenye ungo. Alimwona kwanza mtoto. "Mke wangu amekuja," alisema, kama alivyomwita siku zote kwa ajili ya jina lake, na Nabiswa akaenda moja kwa moja kukaa katikati ya magoti yake akadai mahindi. Baada ya salamu na uji, mzee alielekeza kidole kwenye gunia, akauliza ni mgonjwa gani huyo wamemleta amefunikwa.

Bwire alilifungua. Mzee akainuka, akaligonga lile bawa kwa vifundo vya vidole, akasikiliza. Akainama akalinusa.

"Mvule," alisema. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, mahali palipochongwa mfuo wa kupokea bawa jingine. Kidole kikasimama. "Huyu ana mwenzake."

Kuku walikuwa wakidonoa mahindi yaliyomwagika na mtu hakuwafukuza. Bwire alifungua kinywa, akakifunga.

Mbinya alikuwa ameketi kwenye mkeka, amegeuka upande kidogo kama mke wa mtoto anavyoketi mbele ya baba mkwe. Aliona neno limekwama kwa mumewe, na akajua kwamba likikaa hapo zaidi litaoza.

"Mwenzake yuko Nairobi, baba," alisema, macho kwenye mkeka. "Anangoja huyu atiwe kwanza."

"Kwanza?"

"Kwanza. Nyumba ya Chwele ikisimama, ndipo ya kule ianze."

Mzee alilizunguka bawa, akayatazama makomeo, akayachezesha juu na chini. Alikuwa bado hajamaliza. "Na kitasa? Milango hii nimeiona kwa wazungu nikiwa mtoto. Bawa moja lina kitasa. Mmeniletea lisilo na kitasa."

Hapo Bwire alimtazama mkewe, na Mbinya aliihisi ile hofu yake kama joto la pasi kwenye shavu.

"Ni kweli, baba. Kule tutakaa na watu tusiowajua, kila mtu ametoka kwao. Hapa ni kwako. Nani atamfungia nani kwa funguo? Komeo la hapa ni la mbuzi tu."

Mkono wa mzee Masinde ulibaki kwenye komeo. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na ilichukua muda mpaka wajue ni kicheko. Alirudi kwenye kigoda chake, akamwambia Bwire kesho alfajiri aende kwa Kweyu, jirani yao, awaite wanawe waje na mapanga, miti ya kukata ataionyesha mwenyewe.

Bwire, kwa uoga wa mwisho, aliuliza kuhusu matofali ya shangazi.

"Triza ndiye aliyetaja matofali," mzee alisema. "Mimi nilitaja nyumba."

Ilijengwa kwa siku nne, palepale ilipoangukia ile ya kwanza. Siku ya kwanza walikata na kuchimbia nguzo, ya pili wakafunga fito, ya tatu wanaume na wanawake wa jirani wakakanyaga udongo wakiimba, ya nne mabati yakapanda. Mbinya alipika ugali wa watu kumi na watano mpaka mikono ikasahau pasi. Alipopata nafasi aliwatazama. Aliona jinsi mzee alivyokuwa akikosoa kila nguzo na kila alipokosoa alionekana kijana zaidi. Wakati wa kutia mlango mzee hakukubali mtu mwingine ashike. Alilishikilia bawa kwa bega lake, na Bwire akapiga bawaba. Usiku huo walilala humo watatu, udongo ungali mbichi unanukia mvua, na Bwire alilala chali kama mtu aliyetua gunia.

Malaa ilianza Januari. Fundi alilaani mlango ule siku nzima. Kuta za mabati alizozoea kujenga zilikuwa fupi kuliko bawa, na Mbinya alipoulizwa kama likatwe kidogo chini, alisema nyumba iongezwe juu. Ukuta wa mbele ukapandishwa futi moja, ukatoa paji la uso refu. Basi nyumba ndogo ya vyumba viwili, mabati mpaka chini, ikawa na mlango wa mvule unaong'aa na kitasa cha shaba. Wiki ya kwanza watu wawili walibisha wakiwa na karatasi mkononi wakitaka kujua kama chifu ameingia. Mwenye bata alianza kuwaelekeza wageni kwa kusema, ukiona ofisi, pinda kushoto. Nthambi alikuja na chama kizima kuiona. Alitia ufunguo, akafunga, akafungua, akafunga tena, halafu akakaa kizingitini akapangusa macho kwa kanga yake na kusema zamu ijayo ni yake na safari hii hanunui kitu kingine ila saruji.

Jioni ya kwanza, baada ya kufagia, Mbinya aliuzungusha ufunguo mara mbili akasimama akisikiliza. Malaa ina upepo. Ulikuja ukaupiga mlango, ukajaribu chini, ukajaribu pembeni, ukaenda zake kwa bata. Hakukuwa na jiwe lolote la kusukuma.

Mzee Masinde alikuja Pasaka, na shangazi Triza ndiye aliyemleta, amevaa kile kitambaa cheupe. Mlango ulikuwa wazi, lakini mzee hakuingia. Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo mpaka akaupata ule ulimi ulioingia kwenye mfuo wa kule kwake, akaridhika, akagonga.

"Hodi humu."

"Karibu!" Nabiswa aliitikia kutoka ndani kabla ya mtu mwingine, kwa sababu kazi hiyo alikuwa ameifanyia mazoezi.

Mzee aliingia. Alikaribishwa kiti, hakukitaka kwanza. Aliinama kwenye kitasa, akaomba ufunguo, akauzungusha. Ulilia taratibu, ndani sana, kama kitu kilichotiwa mafuta na mtu anayekipenda. Akaurudisha, akauzungusha tena.

"Mke wa mwanangu," alisema bila kugeuka. "Uliniambia maneno mazuri sana yale ya mbuzi."

"Ndiyo, baba."

"Kitasa kizuri hiki."

"Ndiyo, baba," Mbinya alisema, akaenda kutia chai.